Mawazo yakikauka na mzuka ukikata kwenye kazi za ubunifu mtandaoni, mnafanyaje?

MstariMmoja ameandika:

Habari za humu wakuu.

Naendesha chaneli ya kufundisha kuchora kwa penseli. Ratiba ni video moja ya dakika nane hadi kumi kila wiki, na vipande vifupi viwili vya kuisindikiza. Kuchora hakunisumbui, wala kurekodi. Kinachonikwamisha ni kile kikao cha mwanzo cha kuamua wiki hii nifundishe nini. Kila mada inayonijia naona imeshafanywa na wengine, tena vizuri. Nikifungua chaneli zao ili nipate mwanga, muda unayeyuka na natoka na hamu ndogo kuliko niliyoingia nayo.

Maswali yangu ni matatu:

1. Mawazo mapya mnayapata kwa utaratibu gani? Naomba hatua, siyo "angalia mazingira yako".
2. Kuchukua wazo la mwenzako kunaruhusiwa mpaka wapi?
3. Mzuka ukikata, mtu asubiri urudi au ajilazimishe?

Kazi hii naipa saa sita kwa wiki, sina zaidi. Tafadhali tusiambiane "jiamini". Nahitaji kitu cha kufanya Jumatatu ikifika.

---

Kapu_la_Mbegu amejibu:

Karibu mkuu. Kwa maelezo yako, mawazo hayajakauka. Kikao chako kimoja kinabeba kazi tatu: kukusanya, kuzaa na kuchuja. Hiyo ya tatu inaziua mbili za mwanzo. Wazo halijatimiza sekunde tano, tayari umeshaliambia "hii imeshafanywa". Hapo umechuja kabla hujazaa, na ukurasa utabaki mweupe hata ukikaa mpaka usiku.

Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani aliyeeneza mbinu ya kumwaga mawazo kwa kikundi, mwaka 1953 aliandika masharti yake, na sharti kuu lilikuwa kwamba hukumu isubiri. Sharti hilo bado lina nguvu. Kilichoyumba ni habari ya kikundi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa 1958 lilionyesha kwamba watu wanne wakifanya kila mmoja peke yake, kisha majibu yao yakijumlishwa, wanatoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa meza moja. Watafiti wa baadaye waliona sababu kubwa ni kusubiriana zamu: mwenzako anaongea, wewe umeshikilia lako, na ukiwa umelishikilia huzai jingine. Kwa hiyo ukiwa na wenzako wa kusaidiana, kila mmoja aandike kimya dakika kumi kwanza, ndipo msomeane.

Sasa hatua zenyewe.

Kukusanya kufanyike kila siku kwa dakika tano, nje kabisa ya saa za kazi. Daftari moja au faili moja la simu, usitawanye sehemu nne. Kila noti iwe na vitu vitatu: kitu, mtu, kikwazo. "Mikono" si noti. Noti ni hii: "Kidole gumba / anayeanza kuchora viganja / anakichora kama kimebandikwa pembeni, hajui kwamba mzizi wake unaanzia karibu na kifundo cha mkono." Noti ya namna hiyo ina video ndani yake tayari. Ile ya neno moja itakuachia kazi yote upya siku ukiisoma.

Za kujazia noti zipate wapi? Kwanza maoni chini ya video za fani yako, zako na za wengine. Usitazame video, nenda moja kwa moja kwenye maoni na utafute alama ya kuuliza. Hii peke yake inaondoa ile shida yako ya kutoka umevunjika moyo, maana unasoma watu wanaohitaji msaada, hushindani na kazi ya mtu. Pili, kisanduku cha kutafutia. Fungua dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isichafue majibu, andika "jinsi ya kuchora mkono", acha nafasi, kisha weka herufi moja moja kuanzia a. Mapendekezo yanayojitokeza yanatokana na yale watu wanayoyatafuta. Tatu, grafu ya utazamaji ya video zako za zamani. Pale mstari unapopanda ghafla katikati ya video, watu wamerudia sehemu hiyo. Ama ilikuwa tamu, ama hawakuelewa. Hali zote mbili zinadai video yake.

Ukitumia Google Trends (grafu ya Google ya namna neno linavyotafutwa), angalizo moja: ile 100 si idadi ya waliotafuta. Ni kilele cha neno hilo ndani ya kipindi ulichochagua, na namba nyingine zote zinapimwa kwa kilele hicho. Neno linalotafutwa na watu wachache sana nalo lina 100 yake. Linganisha maneno mawili kwenye grafu moja, usisome neno moja peke yake.

Kuzaa fanya kwa jedwali. Kushoto andika vitu vinane vinavyosumbua watu: viganja, macho, nywele, kitambaa kilichokunjwa, miti, majengo ya mbali, vyombo vya glasi, mtu anayetembea. Juu andika namna saba za kukishughulikia: kosa moja na tiba yake, dakika moja dhidi ya dakika thelathini, zana moja tu, kinyume (anza na kivuli, mistari baadaye), kurekebisha mchoro wa mtazamaji aliyeridhia, mbinu mbili zikipambanishwa, kwa nini kinaonekana hivyo. Nane mara saba ni 56. Jaza kila kisanduku kwa sentensi moja, pamoja na vile vinavyoonekana vya kipuuzi. Hata robo yake tu ikifaa, una wiki 14 mkononi.

Jedwali linaharibika kwa sababu moja kubwa: safu za kushoto kuwa pana mno. Ukiandika "sura ya mtu", visanduku vyake vyote vitafanana. Vunja mpaka ifike kitu unachoweza kukifunika kwa kiganja.

Kuchuja kuwe siku nyingine. Mwingereza Graham Wallas aligawa kazi ya kufikiri mwaka 1926 katika hatua nne: kujiandaa, kuatamia (kuliacha wazo lipumzike), kuangaziwa, na kuhakiki. Ile ya pili ndiyo watu wa mtandaoni tunaikata kwa haraka zetu. Lala nalo usiku mmoja. Na kuna utafiti wa Stanford wa 2014 unaofaa hapa: kutembea kuliongeza wingi na upya wa mawazo, lakini hakukusaidia kwenye maswali yenye jibu moja sahihi. Kwa hiyo zaa ukitembea, ukirekodi sauti kwenye simu. Kuchuja kaa kitini.

---

NusuRula amejibu:

Nakubaliana na kutenganisha kazi, ila hilo daftari la Kapu lina hatari asiyoitaja. Likikua bila mpaka linageuka kaburi. Mtu ana noti mia mbili, na kila akilifungua anachoka zaidi ya yule asiye na kitu, kwa sababu sasa kuchagua nako kumekuwa mzigo.

Weka kikomo cha noti ishirini hai. Ya ishirini na moja ikitaka kuingia, moja itoke. Zinazotoka zihamishe kwenye faili jingine, usizifute, lakini usilifungue faili hilo kwenye kikao cha kuchagua.

Na kabla noti haijawa kazi ya wiki, ipitishe kwenye mtihani wa dakika kumi. Andika kichwa cha habari cha maneno yasiyozidi nane. Chora kwa mkono kijisanduku cha picha ya jalada (ile mtu anayoiona kabla ya kubofya video), ukubwa wa stempu, uone kama wazo linaonekana bila maelezo. Andika sentensi ya kwanza utakayoitamka. Ukikwama kwenye kichwa, wazo bado ni pana. Kichwa kikija ila picha ikagoma, wazo ni la kusoma zaidi kuliko la kutazama, labda lifae kuwa andiko. Sentensi ya kwanza ikigoma, hujui unaongea na nani.

Kuhusu "imeshafanywa": na ifanywe. Uliza imefanywa kwa ajili ya nani. Video nyingi za viganja zinamfundisha mtu anayejua tayari kuona maumbo. Anayeshika penseli wiki ya kwanza hajaguswa. Badili mtu, video inabadilika mpaka kasi ya kuongea.

Jambo la pili ni vizuizi. Uhuru mwingi ndio unaokugandisha. Jiwekee sharti moja kwa kila kazi: penseli ya 2B tu (B ni penseli laini, namba ikipanda weusi unazidi), bila kufuta, mistari iliyonyooka tu, mchoro wote ndani ya dakika tano, kivuli bila mstari wa kuzunguka umbo. Sharti likikaa vizuri linazalisha somo lenyewe. Mfano ukikataza kufuta, unalazimika kufundisha kuanza kwa mistari hafifu, kushika penseli mbali na ncha, na kupima uwiano kabla ya kukandamiza. Masomo matatu yametoka kwenye katazo moja. Lakini sharti liwe moja, yakizidi mawili mtazamaji anaona mchezo wa kujionyesha na somo linapotea.

Akili mnemba nayo ina nafasi, ila si ile watu wanayoipa. Iombe mawazo thelathini ya video za viganja. Itakupa yale ya kawaida kabisa, maana imejifunza kwa yaliyokwisha kuandikwa na wengi. Orodha hiyo itumie kama orodha ya kukwepa, au kama hatua ya kwanza: chukua kila moja na uulize "hili lina uongo gani ndani yake?" Swali hilo lijibu wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeona wanafunzi wanakosea wapi.

---

HakiYaWino amejibu:

Nijibu swali la pili, maana linaachwa nyuma kila mara na ndilo linalofungisha watu chaneli.

Wazo halina mwenyewe kisheria. Mkataba wa TRIPS wa 1994 unaohusu haki miliki, chini ya Shirika la Biashara Duniani, ibara ya 9(2), unasema ulinzi wa hakimiliki unahusu namna jambo lilivyoelezwa, si mawazo, taratibu wala mbinu za utendaji. Kufundisha kiganja kwa kuanza na umbo la sanduku ni mbinu; itumie. Michoro yake, maneno yake aliyoandika au kutamka, muziki wake na picha yake ya jalada ni vyake.

Wachoraji hujikwaa hasa kwenye picha za rejea. Picha uliyoikuta mtandaoni ni kazi ya mpigapicha. Ukiichora ikatambulika, pozi lilelile, mwanga uleule, pembe ileile, umetengeneza kazi inayotokana na yake na huenda ukahitaji ruhusa. Piga zako: taa moja upande wa kushoto, kiganja chako, simu kwenye kisimamizi, pozi kumi. Nusu saa inakupa rejea za miezi, na hakuna wa kukuandikia malalamiko.

Ukitumia kazi zenye leseni za Creative Commons (mwenye kazi anaruhusu wengine waitumie kwa masharti), soma herufi zake. BY inataka umtaje mwenye kazi. SA inataka kazi yako mpya nayo itoke kwa leseni ileile. ND hairuhusu kusambaza uliyoibadili, kwa hiyo kuichora upya tayari ni tatizo. NC inakataza matumizi ya kibiashara. Chaneli ikiwa na matangazo au wadhamini, kaa mbali nayo. CC0 mwenye kazi ameachia haki zake, ila kumtaja bado ni uungwana.

Kujifunza kutoka kwa mtu bila kumnakili kuna utaratibu wake. Chagua kazi tatu, na moja itoke nje kabisa ya fani yako, kwa mfano video ya useremala au ya hesabu. Tazama kila moja mara moja ukiandika muundo wake kwa maneno tu: inaanza na tatizo au na matokeo? Mfano wa kwanza unaingia dakika ya ngapi? Inarudia jambo kuu mara ngapi? Anayekosea anaonyeshwa au anasimuliwa? Funga. Kesho yake tengeneza yako kutoka kwenye maneno hayo bila kufungua video tena. Ukifungua tena utanakili sauti, mizaha na mikono bila kujijua. Hiyo kazi ya nje ya fani ndiyo inayoleta upya. Ukichota kwa wachoraji tu, utafanana nao.

---

MstariMmoja ameandika:

Shukrani sana wakuu, nimeanza jedwali. Nina mawili ya kuongeza.

Safu ya "nywele" imeniishia visanduku vitatu, nne zilizobaki hazitaki. Nifanyeje?

Na swali la tatu bado halijaguswa. Video ikipata watazamaji wachache siku mbili za mwanzo, wiki inayofuata mkono unakuwa mzito. Ikipata wengi, nataka kurudia ileile. Namba ndizo zinazoniendesha, na sijui nizitazameje.

---

Dakika25 amejibu:

Hapa ndipo penye mzizi, nitakaa kidogo.

Asubiri au ajilazimishe? Mzuka kwa kawaida haufiki kabla ya kazi. Hufika dakika kumi au kumi na tano baada ya kuanza, kwa hiyo ukiungoja unaweza kungoja sana. Kinachohitajika ni kuufanya mwanzo uwe mwepesi. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua karibu maingizo 12,000 ya shajara za kazi za watu 238 katika kampuni saba, wakatoa matokeo yao mwaka 2011. Lililojitokeza zaidi katika siku njema za kazi lilikuwa kusogea mbele kwenye kazi yenye maana, hata hatua ndogo. Sifa na zawadi hazikuwa juu ya hilo. Kwa hiyo kipime kikao chako kwa kilichosogea: "nimemaliza michoro sita ya majaribio" ni hatua, "nimefanyia kazi video" si hatua, huwezi hata kuikata kwenye orodha.

Utaratibu wa kuanza ni mambo matatu, na yote lazima yawepo. La kwanza, mwisho wa kila kikao acha sentensi au mchoro nusu, ukiwa unajua kinachofuata, na ukiandike juu ya faili: "Kesho: malizia kivuli cha kidole cha shahada, kisha rekodi utangulizi." Ukimaliza kila kitu ndipo ufunge, kesho unaanza na ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe ndio adui yako. La pili, mpango wa "ikiwa… basi", uliochunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni Jumanne, naketi mezani na kufungua faili la skripti." Ufungwe kwenye tukio ambalo lazima litokee, usifungwe kwenye "nikipata nafasi". La tatu, simu iwe chumba kingine, si kifudifudi mezani. Ukihitaji kupima muda tumia saa ya kawaida: dakika 25 za kazi, tano za kusimama. Kazi ya kuhariri huwa inataka vipande virefu zaidi, 50 kwa 10, kwa sababu kila ukirudi unahitaji dakika kadhaa kukumbuka ulikuwa unakata wapi.

Sasa namba. Mwanasaikolojia Edward Deci mwaka 1971 aliwapa wanafunzi fumbo la kupanga vipande, wengine akawalipa. Malipo yalipoondolewa, waliolipwa walipunguza muda wa kulichezea kwa hiari yao. Kwa maoni yangu laiki zinafanya kazi hiyohiyo kwako: umezoea kulipwa siku mbili za mwanzo, malipo yakichelewa fumbo linaonekana halina ladha. Dawa si kuzikana namba. Zipe siku na saa yake.

Fungua takwimu mara moja kwa wiki, siku usiyorekodi, na usisome video yoyote iliyo chini ya siku saba tangu itoke. Ondoa programu ya takwimu kwenye simu, ibaki kwenye kompyuta. Ukifungua, soma vitu viwili tu.

Cha kwanza ni asilimia ya waliobofya baada ya kuonyeshwa picha ya jalada. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya 2% na 10%. Ukiwa na 4% hujafeli. Na asilimia hiyo hushuka video inapoanza kuonyeshwa kwa watu wasiokujua, kwa hiyo kushuka kwake sambamba na kupanda kwa idadi ya walioonyeshwa ni habari njema.

Cha pili ni wangapi bado wapo ikifika sekunde ya thelathini.

Visome kwa pamoja. Waliobofya wachache, waliobaki wengi: somo ni zuri, jalada au kichwa ndicho kibovu. Badilisha hivyo viwili, usiguse video. Chaneli yako ikiwa na kile kipengele cha YouTube cha kujaribisha majalada, weka matatu yanayotofautiana kweli, si rangi tu: moja kiganja kilichokosewa, moja kilichosahihishwa, moja vyote viwili. Waliobofya wengi, waliobaki wachache: jalada limeahidi kitu ambacho utangulizi haujakitoa. Kwa masomo ya kuchora mara nyingi ni salamu ndefu na orodha ya vifaa. Onyesha mchoro uliokosewa na uliosahihishwa ndani ya sekunde kumi, vifaa viandike kwenye maelezo. Vyote vikiwa chini, wazo lenyewe halikumlenga mtu. Lirudishe kwenye mtihani wa NusuRula.

Na ile ikishika sana, usiirudie ileile. Soma maoni yake, tafuta swali linalojirudia, hilo ndilo video inayofuata. Ukirudia umbo, watazamaji wanapungua polepole na wewe unachoka haraka, na hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Saa zako sita ningezipanga hivi. Jumatatu nusu saa: kuchuja na mtihani wa dakika kumi kwa mawazo mawili, moja linashinda. Jumanne saa moja: skripti ya vichwa tu na michoro ya majaribio. Alhamisi saa moja na nusu: kurekodi, kuchora yote bila kusimama hata ukikosea, sauti baadaye. Jumamosi saa mbili: kuhariri, jalada, na kukata vipande viwili vifupi kutoka rekodi ileile, usivirekodi peke yake. Jumapili dakika 20 za takwimu na dakika 40 za jedwali. Jumla sita. Zile dakika tano za noti za Kapu hazimo humu, hizo ni za kwenye foleni na vituoni.

---

PumziNdefu amejibu:

Naongeza kifupi. Dakika25 ameeleza uzito wa kuanza, lakini kuna uchovu ambao mbinu hizo hazitibu, na ukizitumia zinauzidisha. Tofautisha hivi: ukianza kazi na ndani ya dakika ishirini hamu inarudi, ulikuwa umekwama tu. Ukianza na dakika ishirini zikakuacha vilevile, wiki mbili au tatu mfululizo, huku usingizi umevurugika na hata kuchora kwa kujifurahisha hakukuvutii, hapo hujakosa mawazo. Umechoka, na jedwali halitakusaidia. Punguza mzigo kwanza, na hali ikiendelea zungumza na daktari.

Kupunguza si lazima kuacha. Kata ukubwa, usikate ratiba. Video ya dakika tisa iwe ya dakika tatu yenye kosa moja na tiba yake. Vipande vifupi visimame. Au tangaza mapema kwamba unafanya mfululizo wa sehemu sita, halafu wiki moja ya mapumziko, halafu mfululizo mwingine. Mfululizo wenye mwisho unaojulikana unachosha kidogo kuliko "kila wiki milele", na unakupa wiki halali ya kujaza daftari.

Halafu weka akiba ya video tatu zilizokamilika kabisa, jalada na maelezo vikiwamo, ambazo hazitaji tarehe wala tukio lolote. Hizo ni za wiki ya kuumwa. Ukitumia moja, irudishie kabla hujaanza kazi ya kawaida. Akiba isizidi tano lakini. Ikizidi, zinakaa muda mrefu, unaziona mbovu na unaanza kuzihariri upya.

---

Kapu_la_Mbegu amejibu:

Kikomo cha NusuRula nakikubali, ishirini inatosha.

MstariMmoja, safu ya nywele imegoma kwa sababu "nywele" bado ni pana, kama nilivyoonya juu. Ipasue mara tatu: mpaka wa nywele na paji la uso, mwanga juu ya nywele nyeusi, nywele fupi zilizojisokota. Kila moja iwe safu yake, visanduku saba vyake.

Chukua hiyo ya pili uone inavyofunguka. Kosa moja: anayeanza anachora unywele mmoja mmoja, kichwa kinatoka kama brashi. Tiba: aone nywele kama umbo moja lenye pande, aweke tabaka la kijivu cha kati kwa 2B, kisha giza kwa 4B au 6B kwenye mikunjo, na sehemu ya mwanga aiache karatasi tupu tangu mwanzo. Zana moja tu: ufutio laini wa kufinyanga peke yake, unajaza eneo lote giza kisha unainua mwanga kwa kubonyeza, usisugue, maana kusugua kunaingiza unga wa penseli kwenye nyuzi za karatasi na hautoki tena. Kinyume: anza na mwanga, weka alama ya mpaka wake kabla hujagusa giza. Mbinu mbili: kuacha karatasi tupu dhidi ya kuinua kwa ufutio, mwanga upi una makali zaidi? Kwa nini: nywele nyeusi zinazong'aa zina tofauti kubwa kati ya giza na mwanga kuliko nywele nyingi za rangi nyepesi, ndiyo maana ukiogopa kukandamiza penseli zinatoka za kijivu. Dakika moja dhidi ya thelathini: kwa dakika moja utapata umbo na mwanga tu, na mtazamaji ataona mwenyewe kwamba hivyo viwili ndivyo vinavyobeba mchoro. Kinachobaki ni kurekebisha mchoro wa mtazamaji, na huo uombe leo kwenye ukurasa wa jamii wa chaneli: wenye michoro ya nywele waliokwama waitume, wakiandika wazi kwamba wanaruhusu uionyeshe.